Kalamu, Kidau na Mkasi: Maisha ya Max Fleischer (1883–1972)

Utangulizi

Wanafunzi wa fasihi ya Kiswahili wanapozungumzia udhibiti, aghalabu hufikiria jela. Humkumbuka Abdilatif Abdalla, aliyefungwa kuanzia 1969 hadi 1972 kwa kuandika kijitabu kilichohoji mwelekeo wa Kenya, naye akatoka gerezani na diwani ya Sauti ya Dhiki. Huo ni udhibiti unaoonekana kwa macho. Una mlango unaofungwa, una tarehe ya kuingia na tarehe ya kutoka. Ipo hata hivyo aina nyingine isiyomfunga mtu wala kukichoma kitabu. Hii huingia katika kazi yenyewe, ikarefusha hapa na kufupisha pale, ikamwondoa mhusika huyu na kumleta yule, mpaka kazi ikabaki na jina lake la awali ilhali imekuwa kazi nyingine. Maisha ya Max Fleischer, mmoja wa waasisi wa filamu za vibonzo za nyeusi na nyeupe nchini Marekani, yanaidhihirisha aina hii ya pili waziwazi.

Wengi wanamjua Popeye, yule baharia mwenye mikono minene ambaye hupata nguvu kwa kula spinachi. Baadhi wanamjua pia Betty Boop, mwimbaji mwenye kichwa kikubwa, macho ya duara na nywele fupi za mawimbi. Wachache wanamjua mtu ambaye wahusika hao walitoka katika studio yake. Sababu moja ni kwamba jina lake lilipunguzwa hatua kwa hatua, sawa na kazi zake.

Utoto na kazi za awali

Max Fleischer alizaliwa tarehe 19 Julai 1883 mjini Kraków, ambao wakati huo ulikuwa chini ya milki ya Austria na Hungaria na leo umo nchini Poland. Wazazi wake walikuwa Wayahudi, na baba yake alikuwa fundi cherehani. Mwaka 1887 familia ilihamia New York. Kwa muda mambo yaliwanyookea, kisha biashara ya baba ikaanguka nao wakajikuta Brownsville, mtaa wa watu wa kipato cha chini huko Brooklyn. Max alikulia hapo akiwa na vipawa viwili ambavyo ni nadra kukutana katika mtu mmoja, yaani mkono wa mchoraji na akili ya fundi wa mitambo.

Aliajiriwa na gazeti la Brooklyn Daily Eagle akiwa tarishi, akapanda cheo hadi akawa mchoraji wa katuni. Baadaye alisimamia kazi ya picha katika jarida la Popular Science, lililohusu sayansi na uvumbuzi. Hapo ndipo vipawa vyake viwili vilipokutana. Vibonzo vya siku hizo vilitikisika na kurukaruka, kwa maana kila picha ilichorwa kwa kukisia. Fleischer aliwaza kwamba ikiwa mtu halisi atapigwa filamu, kisha kila picha ya ukanda ikaakisiwa chini ya kioo na kufuatishwa kwa kalamu, kibonzo kitatembea kama binadamu. Aliomba hataza ya mtambo huo, uitwao rotoskopu, mwaka 1915, akaipata mwaka 1917.

Jaribio la kwanza lilikuwa la kifamilia. Ndugu yake mdogo, Dave, ambaye alikuwa amewahi kuchekesha watu katika viwanja vya burudani vya Coney Island, alivaa vazi pana la mchekeshaji wa sarakasi akacheza mbele ya kamera juu ya paa. Max na ndugu zake walizichora picha hizo moja baada ya nyingine kwa takriban mwaka mzima ili kupata ukanda mfupi mno. Kutokana na ukanda huo alizaliwa Koko, mhusika wao wa kwanza mashuhuri.

Mfululizo wa Koko uliitwa Out of the Inkwell, yaani kutoka katika kidau cha wino. Ulianza katika studio ya John Bray, na mwaka 1921 Max na Dave wakafungua studio yao wenyewe. Muundo wake ulikuwa mwepesi na wa kuvutia. Max mwenyewe alionekana kwenye kiwambo, mtu halisi ameketi mezani na kalamu mkononi. Koko alitoka katika kidau, akamkaidi muumba wake, akazua vurugu mezani na hata mitaani, na mwishowe akarudishwa katika kidau na kufunikwa. Mhakiki wa fasihi atatambua hapa lile suala la zamani la mtunzi na kiumbe chake: ni nani mwenye amri juu ya mwingine? Katika filamu hizo jibu lilikuwa mikononi mwa Max. Baadaye halikuwa tena.

Fleischer hakuogopa mada nzito. Mwaka 1923 alitoa filamu ya kufafanua nadharia ya Einstein. Mwaka 1925 alitoa nyingine kuhusu mageuko ya viumbe, mwaka uleule ambapo mwalimu John Scopes alishtakiwa huko Tennessee kwa kufundisha nadharia hiyo. Kuanzia 1924 alitengeneza vibonzo vya nyimbo ambamo kimpira kilirukaruka juu ya maneno ili watazamaji waimbe pamoja, na baadhi vilikuwa na sauti miaka kadhaa kabla ya Walt Disney kumleta Mickey Mouse mwenye sauti mwaka 1928. Fedha hata hivyo zilimpiga chenga. Kampuni yake ya usambazaji ilianguka, na tangu mwishoni mwa miaka ya 1920 studio yake ikategemea Paramount, kampuni kubwa ya filamu iliyomlipia gharama na kuzisambaza kazi zake. Utegemezi huo ndio ulioamua mengi yaliyofuata.

Kuzaliwa kwa Betty Boop

Mnamo Agosti 1930 studio ya Fleischer ilitoa kibonzo kiitwacho Dizzy Dishes. Ndani yake mlikuwa na mwimbaji wa kilabu aliyechorwa na mhuishaji Grim Natwick, mwenye umbo la nusu mwanamke na nusu mbwa, masikio marefu yakining'inia. Kufikia 1932 masikio hayo yalikuwa yamegeuka hereni na mwimbaji akawa mwanamke kamili. Huyo ndiye Betty Boop. Gauni lake lilikuwa fupi, mabega wazi, na mkanda wa soksi ulionekana pajani. Mchumba wake, Bimbo, aliendelea kuwa mbwa, na Koko akarejeshwa kuwa rafiki yao.

Ingekuwa kosa kumwona Betty kama pambo tu. Alikuwa mwanamke mjini wakati wa mdororo mkuu wa uchumi, akijitafutia riziki kwa sauti yake. Katika Boop-Oop-a-Doop ya mwaka 1932 anafanya kazi katika sarakasi. Msimamizi wake anamwingilia hemani na kumtisha kwamba atapoteza kazi asipomkubali. Betty anakataa, na Koko anakuja kumpigania. Kibonzo hicho cha dakika chache kilikuwa kimetaja, kwa lugha ya mzaha, jambo ambalo wafanyakazi wengi wa kike walilijua na wachache walithubutu kulisema.

Vibonzo hivi vilijaa pia muziki wa jazi. Cab Calloway na bendi yake walionekana katika Minnie the Moocher ya 1932, na kwa rotoskopu miondoko ya miguu yake ikawa ya mnyama wa baharini aliyecheza pangoni kama mzuka. Snow-White ya 1933 iliigeuza hadithi ya watoto kuwa ndoto ya mauti iliyotiwa nyimbo. Mwaka 1994 filamu hiyo iliingizwa katika orodha ya kitaifa ya filamu zinazohifadhiwa nchini Marekani.

Mwaka wa mkasi

Kampuni za filamu za Marekani zilikuwa zimekubaliana juu ya kanuni za maadili tangu 1930, lakini hazikutiliwa maanani. Shinikizo la makundi ya kidini, hasa kampeni ya Wakatoliki ya kususia filamu zilizodhaniwa kuwa chafu, lilibadilisha hali mwaka 1934. Ofisi maalumu iliundwa chini ya Joseph Breen, na kuanzia tarehe 1 Julai mwaka huo kila filamu ilihitaji cheti chake. Kampuni mwanachama iliyotoa filamu bila cheti ingetozwa faini ya dola 25,000. Wakati huohuo bodi ya Uingereza ilikataa kibonzo cha Betty kiitwacho Red Hot Mamma kwa sababu kilifanyia mzaha moto wa jehanamu.

Hapakuwa na askari aliyeingia studioni. Paramount ilihitaji cheti, na Fleischer alihitaji Paramount. Gauni la Betty likashuka na kifua kikafunikwa. Mkanda wa soksi ukatoweka. Bimbo akaondolewa, maana uchumba wa mwanamke na mbwa haukuweza tena kupita. Koko, aliyekuwa mhusika wa kwanza wa studio, akaondoka pia. Mahali pao pakaja mbwa mdogo mwenye adabu aitwaye Pudgy, na kuanzia 1935 mzee mvumbuzi aitwaye Grampy, ambaye taratibu alichukua nafasi ya mhusika mkuu. Betty akawa mwanamke wa nyumbani, anayefagia, anayetunza mbwa, anayetabasamu.

Mabadiliko ya mavazi ndiyo yanayotajwa sana, lakini hayo ndiyo madogo. Hasara kubwa zaidi ilikuwa katika ploti. Mwanamke asiyeruhusiwa kutamaniwa hakuweza pia kuonyeshwa akikataa. Kisa cha msimamizi wa sarakasi hakikuwa na mlango wa kupitia tena. Kanuni zilizotungwa kwa jina la kulinda heshima zilimnyang'anya Betty nafasi ya kuitetea heshima yake kwa kinywa chake. Mfululizo wake ulikoma mwaka 1939.

Ni haki kusema kwamba mkasi haukuwa sababu pekee. Betty alikuwa mtoto wa enzi ya jazi, na enzi hiyo ilikuwa inapita. Popeye, aliyeingia katika filamu mwaka 1933 kupitia mfululizo wa Betty mwenyewe, alikuwa amewateka watazamaji. Hata hivyo kufaulu kwa Popeye kunafunza jambo. Ngumi zake zilipita mbele ya wadhibiti bila taabu kubwa. Mwaka 1936 alipigana na Sindibadi, baharia ambaye wasomaji wa Kiswahili wamemjua kupitia tafsiri za Alfu Lela U Lela, katika kibonzo cha rangi kilichoshangiliwa sana.

Kilichopimwa na kilichopuuzwa

Upo upande mwingine ambao msomaji wa Afrika Mashariki hawezi kuuruka. Mwaka 1932 studio ya Fleischer ilitoa kibonzo kilichomshirikisha Louis Armstrong. Ndani yake Betty, Bimbo na Koko wako katika msitu wa Afrika, nao wanawindwa na watu walao watu. Uso wa Armstrong mwenyewe, mmoja wa wanamuziki wakubwa wa karne hiyo, unageuzwa kuwa kichwa cha mla watu kinachoelea angani kikiwafukuza.

Inafaa kuuweka mwaka huo karibu na nyumbani. Mwaka 1932 Waafrika katika Bonde la Ufa la kati walikuwa wakilima ngano na kukamua ng'ombe katika mashamba ya walowezi, kuanzia Naivasha kupitia Nakuru na Njoro hadi Molo. Wanaume walibeba kipande chenye alama za vidole vyao na kumbukumbu za ajira. Tume ya Ardhi ya Kenya iliyoongozwa na Morris Carter ilianza kazi yake mwaka huo, na ripoti yake ya 1934 ilizidi kuihalalisha milki ya Wazungu juu ya nyanda hizo. Mwaka uleule gauni la Betty lilipokuwa likipimwa, hakuna aliyeona haja ya kuipima picha ya Mwafrika aliyewekewa mfupa na chungu. Michoro ya namna hiyo iliendelea katika vibonzo vya Marekani kwa miaka mingi chini ya kanuni zilezile za maadili.

Marekebisho yalipofika yalikuja kwa njia ya kuficha. Mwaka 1968 kampuni ya United Artists iliondoa katika runinga vibonzo 11 vya Warner Brothers kwa sababu ya taswira zao za watu weusi. Uamuzi huo uliwaepusha watoto na dharau. Uliifanya pia dharau hiyo iwe ngumu kuchunguzwa na kujibiwa. Fleischer mwenyewe hawezi kuondolewa lawama hapa. Alidhurika na upendeleo wa wadhibiti, naye alinufaika nao.

Kuporomoka

Mwaka 1937 wafanyakazi wa studio yake waligoma kwa takriban miezi mitano wakidai ujira na masharti bora ya kazi. Mgomo huo ulimuumiza Fleischer, aliyejiona kuwa baba wa wafanyakazi wake kuliko mwajiri. Mwaka 1938 alihamisha studio hadi Miami, Florida. Huko, kwa mkopo wa Paramount, alitengeneza Gulliver's Travels, filamu ndefu iliyotoka Desemba 1939 kufuatia ushindi wa Disney. Mwaka 1941 alianzisha vibonzo vya Superman, vilivyosifiwa kwa ufundi na kulaaniwa kwa gharama. Filamu yake ndefu ya pili, Mr. Bug Goes to Town, ilitoka Desemba mwaka huo, siku chache kabla au baada ya taifa kuingia vitani kuwa ndiyo habari pekee, nayo haikurudisha fedha.

Wakati huo Max na Dave walikuwa hawasemezani. Paramount ilichukua studio nzima, wahusika wake wote na deni lake. Mwanzoni mwa 1942 Max alikuwa ameondoka katika kampuni iliyobeba jina lake, nayo ikapewa jina jipya. Alifanya kazi nyingine baadaye, ikiwemo kibonzo cha mwaka 1948 kuhusu Rudolph, paa wa Krismasi mwenye pua nyekundu, lakini hakupata tena studio kama ile.

Mkasi haukuwekwa chini. Katikati ya miaka ya 1950 Paramount iliuza vibonzo vyake vya zamani kwa ajili ya runinga, na kurasa za majina mwanzoni mwa filamu nyingi zikakatwa au kubadilishwa. Fleischer alikwenda mahakamani kuhusu kazi zake na jina lake. Kesi haikumfaa. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, soko la runinga lilipotaka rangi, vibonzo vya Betty Boop vilifuatishwa upya kwa mkono nchini Korea Kusini na kutiwa rangi. Wafuatishaji waliacha michoro mingi ya katikati na kurahisisha mandhari, hivi kwamba miondoko ambayo Fleischer alikuwa ameilainisha kwa uvumbuzi wake wa 1915 ikarudi kutikisika. Yeye alikuwa akiishi na mkewe katika makao ya wazee wa tasnia ya filamu huko Woodland Hills, California. Alifariki dunia Septemba 1972, akiwa na umri wa miaka 89.

Hitimisho

Suala lililomkabili Fleischer halijazikwa naye. Mnamo Juni 2017 Bodi ya Uainishaji wa Filamu ya Kenya iliagiza vipindi sita vya vibonzo vya kigeni visionyeshwe nchini kwa madai kwamba vilikiuka maadili. Waliounga mkono uamuzi huo walitaja ulinzi wa mtoto, na waliopinga walitaja uhuru wa msanii. Mjadala wa namna hiyo ni wa haki, kwa kuwa hakuna jamii isiyochagua yatakayosemwa mbele ya watoto wake. Msimulizi wa ngano za Wakalenjin huweza kulipunguza makali lile zimwi la Chemosi kulingana na umri wa wasikilizaji. Lakini msimulizi yupo mbele yao, anajulikana kwa jina, na kesho anaweza kusimulia kisa kamili kwa walio wakubwa.

Hilo ndilo lililokosekana katika kisa cha Max Fleischer. Waliokata hawakuonekana na hawakuulizwa ni nini walichokipima na nini walichokiacha. Watazamaji waliozaliwa baada ya 1934 walimpokea Betty wa ufagio na mbwa wakidhani kwamba ndivyo alivyoumbwa. Kwa mwanafunzi wa fasihi, awe anasoma kibonzo, ngano iliyoingizwa katika kitabu cha shule, au riwaya iliyotolewa upya kwa ajili ya mitihani, kazi ya kwanza ni kulitafuta toleo la mwanzo na kuliweka kando ya lile lililomfikia. Nakala nyingi za vibonzo vya Fleischer vya kabla ya 1934 zimesalia katika hifadhi za filamu na kukarabatiwa, kurasa za majina zikarejeshwa pale zilipopatikana. Katika nakala hizo kidau bado kiko mezani, na jina la mwenye kalamu linasomeka.